Meza ya jiwe jikoni: tuitunze, nayo itutunze

Ndugu mfanyakazi, na wewe pia mama wa nyumba,

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, viatu vya usalama, miwani, na vidole vinavyobanwa na mashine. Leo tutatoka kazini, tuingie nyumbani. Tutasimama jikoni, mbele ya ile meza ya jiwe ambayo mama anakatia mboga juu yake. Utauliza: meza ya jikoni inaingiaje katika ukurasa wa usalama na afya? Soma mpaka mwisho, utajua.

Siku hizi wengi kati yetu wamepata lupango upande wa Kasapa, karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanajijengea nyumba. Ndani ya nyumba hizo jikoni kuna meza iliyojengwa na kushikamana na ukuta: ya granito, ya marumaru, ya graniti, ao ya simenti iliyolainishwa. Ni kitu kizuri. Mchwa hawaili, maji hayaiozeshi. Ndiyo maana watu wanafikiri kwamba jiwe halitaki matunzo, na kwamba jiwe haliwezi kumdhuru mtu. Mawazo hayo mawili si ya kweli.

Mambo manne katika jikoni moja

Wakati wa kiangazi kilichopita, asubuhi ya Jumamosi, walituletea mama mmoja kwenye dispansari. Alikuwa anakohoa bila kupumzika, macho mekundu, machozi yanatiririka, kifua kinambana. Jirani aliyemleta alisema: « Alikuwa anasafisha jikoni tu. » Tulimwosha macho, tukampa oksijeni, tukamlaza na kumwangalia mpaka kesho yake. Alipona. Jumatatu nilikwenda kuona jikoni yake, sababu munganga alitaka kujua ni kitu gani hasa kilichompata.

Niliona mambo manne.

La kwanza: meza yake ya granito ilikuwa imeharibika. Uso wake, zamani laini kama sahani, sasa ulikuwa unakwaruza kama sukari. Mama alikuwa anangojea wageni wa ubatizo, na meza ilikuwa na madoa mekundu ya mafuta ya ngazi. Alimwaga asidi ya kusafishia choo. Jiwe lilitoa povu. Alipoona madoa hayatoki, akaongeza javeli juu yake « ili kutia nguvu ».

La pili: pembeni mwa meza palikuwa na jiwe la kijani, malakite nzuri, kubwa kama mkate, lililoletwa na rafiki. Juu yake walikuwa wanaponda pilipili na vitunguu.

La tatu: baba alikuwa ametoka kazi ya usiku. Kaske yake na salopete yake vilikuwa juu ya meza hiyohiyo, na kando yake sahani ya bukari ya mtoto mdogo.

La nne: nje, baba alikuwa amekwisha kununua bamba jipya la graniti. Alikuwa anakata kwa mashine ya diski, bila maji, bila maske. Mavumbi meupe yalikuwa yanapanda kama moshi, na watoto wawili wamesimama wanatazama.

Baba huyu ni mfanyakazi mzuri. Kazini havui maske yake hata joto likiwa kali. Lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba jiwe la jikoni ni jiwe kama lile la mgodi. Hata sisi wa dispansari hatukumwambia. Mama yule alikuwa anakuja kwetu kila mwezi kupimisha mtoto uzito, na hakuna siku tulimwuliza anasafisha jikoni kwa kitu gani. Kwa hiyo makala hii ni deni letu. Tutayapitia mambo hayo manne moja moja.

1. Asidi inakula jiwe

Ninyi mnaofanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyusha madini mnalijua jambo hili kuliko mimi. Katika kiwanda kama kile cha Shituru, kule Likasi, madini ya shaba yanasagwa, yanaingizwa ndani ya asidi sulfuriki, jiwe linaachilia shaba yake, kisha umeme unaikusanya shaba juu ya mabamba. Na mnapotaka kuvunja nguvu ya asidi, mnatia nini? Mnatia chokaa. Asidi na chokaa zikikutana, zinamalizana.

Basi, chokaa inatoka wapi? Inatoka katika mawe, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Marumaru ni ndugu wa jiwe hilo: ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto la ndani ya dunia na kubanwa miaka mingi. Simenti inatengenezwa kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo. Na granito ni vipande vidogo vya marumaru vilivyoshikanishwa na simenti, kisha vikasuguliwa mpaka vikalainika. Marumaru, simenti na granito, wote watatu ni wana wa chokaa. Ukimwaga asidi juu yao, unafanya palepale jikoni kazi ileile ya kiwandani: asidi na chokaa zinamalizana. Tofauti ni kwamba hapa chokaa ni meza yako.

Usichanganye granito na graniti. Graniti ni jiwe la moto, ndani yake mna kwarzi nyingi, na ndimu haiiwezi. Lakini graniti nayo ina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na kwa vitundu hivyo inakunywa mafuta.

Asidi si ile ya choo ao ya batri peke yake. Ndimu ni asidi. Vinegre ni asidi. Tomati, nanasi, maziwa ya kuganda na vinywaji vitamu vya chupa vyenye gesi, vyote vina asidi. Nguvu yao ni ndogo, lakini kipande cha ndimu kikilala juu ya marumaru usiku mzima, asubuhi utaona alama nyeupe isiyong'aa. Hilo si doa. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe. Alama hiyo ni jiwe lenyewe lililoliwa. Sabuni haiwezi kuliondoa.

Hatari yake si kuharibika kwa uzuri tu. Meza iliyoliwa ina mashimo madogo. Ndani ya mashimo hayo damu ya kuku, maji ya samaki na mabaki ya bukari vinajificha, kitambaa hakivifikii. Vijidudu vya kuharisha vinapata nyumba, na mende wanapata chakula cha usiku.

Unataka kujua meza yako ni ya jiwe gani? Chagua pembe iliyofichika. Tia tone moja la maji ya ndimu, uangalie kwa dakika moja, kisha upanguse na uoshe kwa maji. Ikitoa mapovu madogo ao pakibaki alama nyeupe, jiwe lako ni mwana wa chokaa. Ikiwa hakuna kitu, labda ni graniti.

2. Asidi na javeli: hata siku moja

Hapa ndipo mama yule alipokaribia kufa. Javeli peke yake, ikitiwa maji mengi, ni dawa nzuri ya kuua vijidudu. Asidi ya choo peke yake ni kali lakini inaeleweka. Ukizikutanisha, zinatoa gesi ya klori. Ndiyo gesi ambayo mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, ilitumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Inachoma macho, koo na mapafu. Jikoni ndogo yenye dirisha moja inajaa upesi.

Kwa hiyo:

– Usichanganye javeli na asidi ya choo, wala na vinegre, wala na ndimu.
– Usichanganye javeli na dawa ya kusafishia yenye amonia. Nayo inatoa gesi mbaya.
– Usitie asidi ya batri juu ya kitu chochote cha jikoni. Ndani yake mna mabaki ya risasi, na risasi inaharibu akili za watoto.
– Usitie asidi ao javeli katika chupa ya limonade ao ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kujua.

Gesi ikikwisha kutoka, usijaribu kumaliza kazi. Toka nje mara moja, wewe na watoto, mwende penye hewa safi. Macho yakichoma, uyaoshe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 ao 20 bila kukatisha. Nguo iliyomwagikiwa uivue. Kisha njoo dispansari hata kama unajisikia vizuri, sababu mapafu yanaweza kuvimba saa chache baadaye.

Na mtoto akimeza asidi ao javeli? Usimtapishe: kitu kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda. Usimpe mafuta ya ngazi wala maziwa, ijapokuwa majirani watakushauri hivyo. Msukutue kinywa kwa maji, mlete upesi, na ulete chupa yenyewe ili tuone alimeza nini.

3. Malakite ni madini, si chombo cha kupikia

Katanga tunajivunia malakite, na tuna haki. Mafundi wa Lubumbashi wanatengeneza shanga, visanduku na vitu vya mapambo, na wageni wanavinunua. Malakite ikikaa ukutani ao juu ya kabati, haina neno.

Lakini kumbuka ni kitu gani. Katika kilo moja ya malakite safi mna shaba karibu gramu 570. Tena ni jiwe laini: kisu cha chuma kinaikwaruza. Ukiponda pilipili juu yake, unasaga na malakite kidogo kidogo. Ukikamua ndimu juu yake, unarudi tena kwa kazi ya Shituru: asidi inayeyusha shaba, na shaba inaingia ndani ya mchuzi. Shaba nyingi tumboni inaleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuharisha. Mama anafikiri ni samaki mbovu, kumbe ni jiwe.

Na mawe ya mgodini hayana shaba peke yake. Katika nchi yetu kobalti inaifuata shaba kama kivuli, na madini mengine yanaweza kuwa ndani pia. Kwa hiyo, jiwe la mgodi lisiwe kinu, lisiwe ubao wa kukatia, lisijengwe ndani ya meza ya jikoni, hata kama rangi yake ni nzuri namna gani. Na usipondee madini jikoni ao katika lupango kwa ajili ya kuyauza. Mavumbi yake yatabaki mahali hapo wakati fedha zimekwisha kuliwa.

4. Salopete haina nafasi juu ya meza

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven cha Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya katika Katanga. Walipima mikojo ya watu. Waliona kwamba wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko wale wanaoishi mbali, na watoto hawakusalimika. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulitafuta njia ambazo kobalti inapita. Njia moja ni chakula. Nyingine, hasa kwa watoto, ni mavumbi ya nyumbani: mtoto anashika, kisha anatia mkono kinywani.

Sasa fikiri: wewe unaondoka mgodini, mavumbi yamekaa juu ya kaske, ndani ya mikunjo ya salopete, katika nyuzi za viatu. Unafika nyumbani, umechoka, unaweka vyote pahali pa kwanza palipo wazi, yaani juu ya meza ya jikoni. Kwa namna hiyo umeleta mgodi wote juu ya bukari ya mtoto.

Fanya hivi. Kama kwenye kazi kuna pahali pa kuogea na kubadilisha nguo, upatumie kila siku. Usiseme « nitaoga nyumbani ». Kama nguo lazima zije nyumbani, zije ndani ya mfuko uliofungwa. Viatu vibaki nje ya mlango. Kaske itundikwe kwa msumari, nje ya jikoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, wala maji yake yasimwagwe penye bustani ya mboga. Usizikung'ute zikiwa kavu: ziloweshe kwanza.

Na meza yenyewe? Kuanzia Mei mpaka Septemba, wakati Lubumbashi haina mvua na njia zote zina mavumbi mekundu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kila mara kabla ya kuandaa chakula. Usiifagie kavu, sababu fagio kavu inahamisha mavumbi kutoka kwenye meza, inayapeleka puani. Chini ya ardhi tunamwagia maji jiwe lililolipuliwa kabla ya kulisogeza. Jikoni sheria ni ileile: maji kwanza.

5. Usikate jiwe kavu

Jambo la nne ndilo ninaloliogopa kuliko yote, sababu halitoi alama siku ileile.

Ndani ya graniti mna kwarzi, yaani silika. Ukikata jiwe hilo kwa diski bila maji, silika inatoka kama mavumbi. Yale mavumbi makubwa unayoyaona yanaanguka ao yanabaki puani. Yale yanayoingia ndani kabisa ya mapafu ni chini ya mikroni 10, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una mikroni karibu 70. Kwa hiyo unapofikiri kwamba mavumbi yamekwisha kushuka, yale mabaya bado yanaelea mbele ya uso wako.

Yakifika ndani ya mapafu, hayatoki. Mwili unayazungushia makovu, na kovu halipumui. Huo ndio ugonjwa wa silikozi, ambao wachimbaji wa mawe wanaujua tangu zamani. Hauna dawa ya kuuponyesha. Kwa kawaida unachukua miaka 10 ao zaidi kabla ya kuonekana, lakini mavumbi yakiwa mengi sana unakuja mapema. Tena unafungulia kifua kikuu mlango. Na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la kuchunguza saratani limeandika mavumbi ya silika katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani ya mapafu kwa watu.

Uangalie zaidi mabamba mapya ambayo si jiwe la asili, bali mavumbi ya kwarzi yaliyoshikanishwa na gundi kiwandani. Yanang'aa, yana rangi nyingi, lakini ndani yake kwarzi inaweza kupita sehemu 90 kwa 100. Katika Australia vijana wengi waliokata mabamba hayo kwa ajili ya meza za jikoni walipata silikozi, mpaka serikali ikayakataza kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Wale hawakuwa wachimbaji wa mgodi. Walikuwa mafundi wa meza za jikoni.

Kwa hiyo, ukinunua bamba, mwombe fundi alikate kwenye karakana yake, kwa mashine yenye maji. Kama ni lazima kukata nyumbani, maji yatiririke juu ya diski wakati wote (kwa mashine iliyotengenezwa kukata kwa maji, usije ukapigwa na umeme). Mfanye kazi nje, mgongo kwa upepo, na maske ya kweli ya mavumbi; kitambaa cha pua hakizuii silika. Watoto na majirani wakae mbali. Tope linalobaki likusanywe lingali bichi, sababu likikauka linarudi kuwa mavumbi.

6. Namna ya kutunza meza ya jiwe

Sasa tuje kwa kazi ya kila siku. Haihitaji fedha nyingi.

Kila siku. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ao sabuni ya kipande. Suuza vizuri, kausha kwa kitambaa safi. Usitumie mchanga, jivu wala nyuzi za chuma juu ya marumaru na granito: vinaacha mikwaruzo. Ndimu, tomati na mafuta vikimwagika, panguza palepale. Usingojee mwisho wa kupika.

Baada ya kukata nyama, kuku ao samaki. Sabuni kwanza, kisha javeli. Javeli juu ya uchafu haifanyi kazi. Kama chupa inaandika nguvu ya 5 kwa 100, tia kijiko kimoja cha kula ndani ya litri 4 za maji. Pitisha kitambaa, ngojea dakika chache, kisha suuza. Usizidishe: javeli nzito inafifisha jiwe na kuchoma mikono. Wakati robine haitoi maji, weka ndoo moja yenye kifuniko kwa ajili ya meza na mikono tu.

Kisu na chungu. Kata juu ya ubao, si juu ya jiwe: ubao unalinda jiwe na unalinda makali ya kisu. Chungu kinachotoka juu ya mbabula kisiwekwe juu ya jiwe. Joto la ghafula linaweza kulipasua. Weka kipande cha mbao katikati. Na mbabula yenyewe isikae juu ya meza ndani ya jikoni iliyofungwa. Gesi ya makala haina harufu, nayo imekwisha kuua watu wengi usingizini.

Doa la mafuta ya ngazi. Mama wa ubatizo angefanya hivi: chukua bikaboneti ao pemba nyeupe iliyosagwa, changanya na maji na sabuni kidogo mpaka iwe kama bukari laini. Paka juu ya doa unene wa kidole, funika kwa plastiki, acha mpaka kesho. Kisha ondoa plastiki, acha ikauke, ukwangue kwa kipande cha ubao, osha. Udongo unanyonya mafuta kutoka ndani ya jiwe. Doa la zamani litataka kurudia mara mbili ao tatu. Udongo uliotumika uutupe.

Mara mbili kwa mwaka, jaribu kiu cha jiwe. Tia matone machache ya maji safi, ngojea dakika 10. Maji yakisimama kama lulu, jiwe bado lina ulinzi. Yakizama na kuacha kivuli cheusi, jiwe lina kiu, nalo litakunywa hata mafuta na damu. Kwa graniti na marumaru, kuna dawa ya kuziba vitundu. Chagua ile inayoandikwa kwamba inafaa penye chakula, na ufuate maandishi. Kwa granito na simenti, nta safi ya nyuki inasaidia: paka kidogo sana juu ya jiwe safi na kavu, sugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Usipake mafuta ya kupikia. Yanaoza, yananuka, yanaita mende.

Nyufa. Ufa ukionekana, uzibwe upesi kwa simenti laini. Fundi avae mifuko ya mikono ya mpira, sababu simenti mbichi inachoma ngozi. Meza ikikwisha kuliwa na asidi, usiitupe: fundi wa granito anaweza kuisugua tena, lakini kwa maji, kama tulivyosema.

Kwa kumaliza

Nilirudi kule Kasapa mwezi uliofuata. Lile bamba la graniti baba alilipeleka kwa fundi mwenye mashine ya maji. Malakite imehamia juu ya kabati la sebuleni, na mtoto hawezi kuifikia. Karibu na mlango nimeona msumari mpya, na kaske imetundikwa hapo. Mama aliniambia: « Javeli iko hapa, asidi iko choo, na ufunguo wa choo niko nao mimi. » Nilifurahi. Lakini bado anakohoa akipanda kilima, na tumemwambia aje kwetu kila mwezi tusikilize kifua chake.

Ndugu mfanyakazi, leo jioni ukifika nyumbani, simama dakika moja mbele ya meza ya jikoni. Angalia vitu vilivyo juu yake. Uliza chupa zile ni za nini. Kama kuna neno usilolielewa, dispansari iko wazi, njoo uulize kabla ya kumwaga.

Maji kwanza, asidi hapana, na kaske ukutani!

Msaidizi wa munganga, dispansari ya kampuni